Nimezima Vivuli

Saa nne usiku, Zimmerman, ghorofa ya tano.
Tokeni zimebaki kumi na saba nukta mbili.
Nabonyeza kitufe, feni za kadi zinaanza kunung'unika
kama mlinzi aliyeamshwa kumfungulia mlevi geti.

Kadi hii ya michoro ni mtumba, ina miaka minane.
Kirwa aliniuzia wiki aliyohamia Eldoret
akiuza kila kitu isipokuwa godoro.
Alinikabidhi ndani ya soksi. "Itakufaa."
Na imenifaa, kama kiatu kinavyofaa
hadi siku unapoanza kuhisi changarawe.

Mchezo mpya umetoka, na kadi imeelemewa.
Askari wangu anainua mguu leo, anautua kesho.
Basi nimeingia kwenye mipangilio, nimeanza kupunguza.
Kwanza nyasi. Nimezing'oa zote.
Kisha mto: maji hayaakisi tena chochote,
yamekuwa bati la kijivu.
Kisha miti ya mbali, ukungu, nywele za watu,
nikajiona diwani anayeuza uwanja wa watoto
kipande kwa kipande, akiita maendeleo.
Mwishowe nikazima vivuli.
Picha zikapanda, kumi na nane kwa sekunde hadi thelathini na moja,
nikashangilia kwa kunong'ona.
Naliaka amelala nyuma ya pazia.

Jumamosi nilishuka Luthuli.
Kibanda cha Abdirizak kina upana wa kitanda,
na juu kabisa, ndani ya kioo, ndiyo hiyo:
feni tatu, mgongo wa chuma,
taa zinazobadilika rangi bila kuulizwa.
Elfu hamsini na nane. Kwa wewe, hamsini na tano.
Halafu akauliza, taratibu, kama daktari,
"Pawasaplai yako ni ya wati ngapi?"
Nikamwambia.
Akafumba macho.

Huyu mgeni haji peke yake, alisema.
Ataka umeme wake, ataka boksi pana,
ataka prosesa ya rika lake,
na akishakaa vizuri ataitazama skrini yako
akuulize kama ndiyo hiyo tu.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu jembe angenipa mimi.

Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya supu.
Kodi ya miezi mitano.
Au karo ya Naliaka, na sweta, na ile pesa ya basi
wanayoidai kila Januari kana kwamba basi ni jipya.
Au zamu yangu ya chama, ambayo Kwamboka, mweka hazina,
tayari anaiita "tangi la mama yako Webuye".
Nikamwambia Abdirizak, nitapita.
Mjini hapa neno hilo lina adabu yake:
hakuna anayelisubiri.

Sasa pazia limesogea.
Miaka sita, soksi mguu mmoja, anapanda gotini.
"Baba, mbona huyo mtu hana kivuli?"
Kwao ni saa sita mchana, nasema,
kama hapa kwetu mwezi wa Machi, jua likisimama utosini.
Anafikiri.
"Na nyasi?"
Zimeliwa na mbuzi.
"Na mto? Mbona mto uko hivyo?"
Hapo nikakosa la kusema.
Akajijibu mwenyewe, bila huzuni yoyote,
mtoto aliyezaliwa Nairobi:
"Aa. Ni kama wetu."

Amelala tena, mdomo wazi, begani.
Feni zinanung'unika, naye anakoroma katikati yake.
Kwa mkono mmoja nimerudisha vivuli. Nikarudisha na mto.
Picha zimeanguka hadi kumi na sita.
Askari anakokota buti kando ya maji,
kivuli chake kikimfuata kwa kuchelewa,
na mbingu nzima, ikikatakata, imo mtoni.

Risiti bado iko mfukoni mwa suruali ya bluu.
Kesho ni siku ya kufua.
Sijui kama nitaitoa.